Nilisema tuliwashawishi, kumbe walikataa

Ndugu Mshauri,

Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi ni msomaji wa safu yako wa siku nyingi, na leo nimelazimika kukuandikia kwa sababu ya jambo ambalo wenzangu wanaliona dogo lakini mimi limeninyima usingizi. Kiingereza nilianza kujifunza nikiwa mtu mzima. Sasa nakitumia kazini kuandika ripoti za mikutano, na jioni nakitumia katika masomo yangu, ambako tunachambua hotuba, matangazo ya biashara na makala za maoni. Sarufi ya kawaida hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni maneno ya kuzungumzia namna watu wanavyoshawishiana.

Kisa cha kwanza kilitokea kazini. Niliandika katika ripoti kwamba tuliishawishi bodi iongeze bajeti ya mafunzo lakini ikakataa, na kitenzi nilichotumia kilikuwa "persuaded". Mkuu wangu alinirudishia ripoti akiwa ameizungushia duara sentensi hiyo, na pembeni ameuliza: bodi ilikubali au ilikataa? Niliisoma sentensi mara tano bila kuliona kosa, kwa maana ukiisema kwa Kiswahili imekamilika na haina utata wowote.

Kisa cha pili kiliniumiza zaidi. Nilipotambua kwamba msamiati wangu ni finyu, nilinakili maneno yapatayo 60 kutoka kwenye orodha iliyosema kwamba yote ni njia nyingine za kusema "persuade", nikayakariri. Wiki chache baadaye nilimwandikia barua pepe mwenzangu mmoja, mtu mwadilifu aliyepatanisha pande mbili zilizokuwa zimegombana, nikimpongeza kwa jinsi alivyoweza "manipulate" watu wa pande zote, na nikaongeza kwamba yeye ni msemaji "glib". Hakujibu. Baadaye niliambiwa kwamba alifadhaika sana. Nimemwomba radhi kwa mdomo, lakini hadi sasa sijui hasa nilimwambia nini.

Mwalimu wangu naye ameandika kwenye zoezi langu la mwisho kwamba uchambuzi wangu unasema "mwandishi anashawishi" katika kila aya ila hausemi anashawishi vipi. Je, niyakariri tena maneno hayo 60 kwa uangalifu zaidi? Nianzie wapi? Na kwa nini jambo ambalo kwangu lilikuwa neno moja, kwao limekuwa maneno 60?

Wako,
Mwenye Neno Moja

Ndugu Mwenye Neno Moja,

Nakushukuru kwa barua yako, na kabla ya yote nakuomba usiikariri tena ile orodha. Orodha inayopanga maneno 60 chini ya kichwa kimoja humfanya msomaji aamini kwamba maneno hayo yanaweza kubadilishana nafasi, na hilo ndilo lililokuponza. Nimewaona wanafunzi wenye bidii wakiumizwa na orodha za namna hiyo kuliko wavivu wanavyoumizwa na uvivu wao, kwa kuwa mvivu hurudia neno moja analolijua, ilhali mwenye bidii hutumia maneno 20 ambayo hajakutana nayo hata mara moja katika sentensi ya mtu mwingine.

Wala sikubaliani na jina ulilojipa. Kiswahili kimekupa kushawishi, kurai, kusihi, kunasihi, kubembeleza, kuhimiza, kuhamasisha, kuchochea, kurubuni, kuhadaa, kughilibu na kushurutisha, na unajua bila kufundishwa na mtu kwamba mama humbembeleza mtoto anywe dawa, mzee humnasihi kijana, tapeli humrubuni mteja, na mwenye nguvu humshurutisha mnyonge. Huwezi kumpongeza mpatanishi kwa Kiswahili ukamwambia kwamba amewarubuni vizuri watu wa pande zote mbili. Sikio lako lingekataa kabla ulimi haujamaliza. Ila unapoingia katika Kiingereza unayapitisha matendo yote hayo katika mlango mmoja wa kushawishi, kisha ukifika upande wa pili unaokota neno lolote lililoandikwa karibu na "persuade". Kwa hiyo ushauri wangu mkuu, ambao mengine yote nitakayosema yanautegemea, ni kwamba ulitaje kwanza tendo lenyewe kwa Kiswahili kilicho sahihi kabisa, ujiulize kama lilifanikiwa na kama lilikuwa la haki, ndipo utafute neno la Kiingereza.

Nianze na kufanikiwa, maana hapo ndipo sentensi yako ya bodi ilipovunjika. Kitenzi chetu kushawishi kinaeleza juhudi ya msemaji, na matokeo tunayaeleza kwa kauli nyingine. Twaweza kusema kwamba tulimshawishi usiku kucha lakini hakushawishika, na hakuna atakayeona mgongano, kwa sababu kushawishi ni kazi ya anayesema na kushawishika ni hali ya anayesikiliza. Kiambishi kidogo cha "-ik-" ndicho kinachobeba habari ya matokeo. Kitenzi "persuade" hakina mgawanyo huo. Kimebeba juhudi na matokeo pamoja, kama kitenzi chetu kuua kilivyobeba pigo pamoja na kifo: hakuna anayesema kwamba alimuua nyoka lakini nyoka hakufa. Mkuu wako aliposoma "we persuaded the board", akilini mwake bajeti ilikuwa imekwisha kuongezwa, na alipofika kwenye "but they refused" alilazimika kurudi nyuma kutafuta ni kitu gani kingine bodi ilikikataa.

Ulichotaka kusema kina njia mbili zilizo salama. Ya kwanza ni kuongeza neno la kujaribu: "We tried to persuade the board to increase the training budget, but they refused." Ya pili ni kuchagua kitenzi cha juhudi tupu, yaani kitenzi kisichoahidi kwamba msikilizaji alikubali, na hapo ningekupa "urge", ambacho kinakaribiana sana na kuhimiza: "We urged the board to increase the training budget." Vitenzi vingine vya juhudi tupu ni "advise", kushauri, "plead with", kusihi kwa unyonge, "press", kusisitiza bila kuacha nafasi, na "lobby", ambacho hutumika zaidi kwa kuwafuata viongozi na watunga sheria ili waamue jambo fulani. Upande wa vitenzi vilivyobeba ushindi ndani yake wamo "persuade", "convince", "win over", "bring round", "talk into", na kinyume chao "dissuade" na "talk out of", ambavyo ni kumfanya mtu aache alilokusudia. Ndiyo maana pia Mwingereza hasemi kwa urahisi "I was persuading him" ili kueleza kazi inayoendelea, bali husema "I was trying to persuade him". Ukilishika jambo hili moja, umekwisha kuepukana na makosa mengi ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili huyafanya katika ripoti za mikutano, nayo ni makosa mazito kwa sababu hayaonekani: sentensi ni sahihi kisarufi, lakini habari iliyomo ni ya uongo.

Umenikumbusha jambo jingine ambalo hukuliuliza waziwazi, yaani tofauti ya "persuade" na "convince". Maneno haya yote mawili yametoka katika Kilatini, na asili zake zinasaidia kuyakumbuka. "Persuade" limetokana na kitenzi cha kushauri na kuhimiza, ambacho ni cha ukoo mmoja na neno la Kilatini lenye maana ya utamu. Sisi tunaosema kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni hatuwezi kuushangaa ukoo huo. "Convince" limetokana na kitenzi cha kushinda, kilekile kilichozaa "victory", na ndugu yake wa karibu ni "convict", yule aliyepatikana na hatia baada ya ushahidi kumlemea. Basi anayekuwa "persuaded" amevutwa mpaka akatenda, na anayekuwa "convinced" ameshindwa na hoja mpaka akasadiki. Kwa kawaida tunam"persuade" mtu afanye jambo, na tunam"convince" mtu kwamba jambo ni kweli. Mtu anaweza kusadiki kabisa kwamba uvutaji wa sigara unadhuru mapafu na bado asiache kuvuta: huyo yuko "convinced" lakini hajawa "persuaded". Ni kweli kwamba tangu katikati ya karne ya 20 watu wengi, hasa Marekani, husema pia "convince someone to do something", na hutakuwa umekosea ukisema hivyo leo. Hata hivyo mimi bado naitunza tofauti hiyo katika maandishi rasmi, kwa sababu inaniruhusu kusema mambo mawili mahali ambapo mwingine anasema moja.

Hapa niseme neno kuhusu "influence", kwani nahisi lilikuwamo katika orodha yako na kamusi nyingi hulitafsiri kwa neno lilelile, ushawishi. Asili yake ni kutiririka kuingia ndani, na zamani lilitumika kwa nguvu iliyoaminika kutiririka kutoka kwenye nyota na kuyagusa maisha ya wanadamu. Maana hiyo ya kutiririka haijapotea. Mtu anaweza kuwa na "influence" kwako bila kusema neno, bila kukusudia, hata akiwa amekwisha kufa. Lakini "persuade" huhitaji mtu aliyekusudia na njia aliyoitumia. Kwa hiyo mwalimu wako wa utotoni alikuwa na "influence" juu ya maisha yako, lakini huenda hakuku"persuade" kufanya jambo lolote mahususi.

Kabla sijaliacha suala la vitenzi, nakuonya kuhusu muundo wa sentensi, maana neno sahihi katika muundo usio wake bado litamkwaza msomaji. Albert Sydney Hornby, mwalimu Mwingereza aliyefundisha Japani, aliliona tatizo hili kwa wanafunzi wake, na kamusi aliyoiandaa pamoja na wenzake, iliyochapwa Tokyo mwaka 1942 na kisha kutolewa na Oxford mwaka 1948, ilimwonyesha mwanafunzi maana ya kitenzi na pia aina ya sentensi ambayo kitenzi hicho huikubali. Kamusi za wanafunzi za leo zimerithi desturi hiyo. "Persuade", "urge" na "encourage" hudai mtu atajwe, kisha kitenzi chenye "to". "Dissuade" na "discourage" hudai mtu, kisha "from" na kitenzi chenye "-ing". "Talk into" na "talk out of" hufuatwa na "-ing" vilevile. "Suggest" ndiyo inayotutesa kuliko zote, kwa sababu sisi humpendekezea mtu aende, nasi tukadhani inafaa kusema "I suggested him to go", ilhali Kiingereza hutaka "I suggested that he go" au "I suggested going". Usijifunze kitenzi hata kimoja cha kundi hili kikiwa peke yake. Kiandike daftarini kikiwa na mtu wake na kiunganishi chake, kama vile usivyoandika nomino ya Kiswahili bila kujua ngeli yake.

Sasa nije kwenye haki, ambayo ndiyo iliyomfadhaisha mwenzako. Msamiati wa kushawishi, katika lugha yoyote, ni msamiati wa kutoa hukumu. Unapochagua neno huelezi tu kilichotokea. Unasema pia kama aliyeshawishi alikuwa mwaminifu, na kama aliyeshawishiwa aliachiwa uhuru wake. "Coax" ni kubembeleza kwa upole na subira, na mara nyingi halina ubaya: unaweza kum"coax" paka aliyejificha atoke chini ya kitanda. "Cajole" lina ubembelezi pia, lakini ndani yake kuna sifa za uongo na ahadi tamu, kile tunachokiita kumvisha mtu kilemba cha ukoka. "Entice" na "lure" huweka kitu cha kutamanisha mbele ya mtu, na "lure" huashiria kwamba nyuma ya kitu hicho kuna mtego. Hapo ndipo kurubuni kunapokaa. "Tempt" ni kutia kishawishi, na tazama jinsi Kiswahili chenyewe kilivyokizaa kishawishi kutoka katika shina lilelile la kushawishi, hata wasemaji wengine hulisikia neno ushawishi likiwa na harufu ya dhambi wakati "persuasion" halina harufu hiyo. "Pressure" kikiwa kitenzi ni kumbana mtu. "Coerce" ni kumshurutisha kwa vitisho au kwa nguvu, na hapo tumekwisha kutoka nje ya mipaka ya ushawishi, kwa sababu aliyetishwa hakukubali, ametii tu.

"Manipulate" lina historia inayofaa kujulikana. Limetokana na neno la Kilatini la mkono, na likitumika kwa vifaa halina lawama: fundi huweza ku"manipulate" vitufe vya mashine kwa ustadi mkubwa. Nadhani maana hiyo ya ustadi ndiyo iliyokuvutia. Lakini likitumika kwa watu, maana yake ni kwamba umewashika kama vifaa, umewageuza utakavyo kwa faida yako, nao hawakujua. Mwenzako aliposoma barua yako alielewa kwamba umemwita mjanja aliyewachezea watu waliomwamini. Na neno "glib", ambalo hapo kale lilihusu kitu laini chenye kuteleza, husemwa kwa mtu ambaye maneno yanamtoka kwa wepesi kupita kiasi, bila fikra na bila ukweli wa moyoni. Nina hakika ulikuta limeelezwa kuwa ni wepesi wa kusema, maelezo ambayo si ya uongo lakini yameacha kutaja dharau yote iliyomo. Ulilolitafuta ni "eloquent", fasaha, au "articulate", mwenye kuyaeleza mawazo yake waziwazi. Kamusi za wanafunzi za Oxford na Cambridge huweka alama ya "disapproving" kando ya maneno yenye lawama. Alama hiyo ni neno moja dogo, na nakuomba uizoeshe macho yako kuitafuta kabla ya kusoma maana yenyewe.

Majina nayo yana hukumu zake. "Rhetoric" ni taaluma ya balagha, sanaa ya kusema kwa namna ya kuathiri msikilizaji, na katika masomo yako ni neno la heshima. Lakini katika habari za siasa mara nyingi huja na maana ya maneno makubwa yasiyo na kitu ndani. "Propaganda" limesafiri mbali zaidi. Mwaka 1622 Papa Gregory wa 15 aliunda idara ya Kanisa Katoliki ya kueneza imani, na jina lake la Kilatini lilikuwa na neno hilo likimaanisha kueneza tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia serikali zilizokuwa zikipigana zilitumia mabango na habari za kutungwa kuwachochea watu, na tangu hapo neno hilo halijarudi kuwa safi. Usiliite tangazo la chanjo "propaganda" kwa sababu tu limekusudiwa kubadili mawazo ya watu; sema "campaign". "Argument" nalo lina nyuso mbili, ubishi na hoja, na katika uchambuzi utalitumia zaidi kwa maana ya pili: "her argument is that" haina ugomvi wowote ndani yake. "Appeal" ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu kwetu limegawanyika mara tatu: mahakamani ni rufaa, kwenye dhiki ni mwito wa kuomba msaada, na kwenye kitu kizuri ni mvuto. Katika uchambuzi utahitaji kitenzi chake, "appeal to", ambacho hueleza kwamba mwandishi anagusa kitu fulani ndani ya msomaji: hofu yake, huruma yake, au akili yake.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali la mwalimu wako. Kusema kwamba mwandishi anashawishi ni sawa na kusema kwamba mpishi anapika. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alizigawa njia za kushawishi katika tatu, na majina yake ya Kigiriki bado yanatumika darasani kwa Kiingereza: "ethos", pale msemaji anapoaminika kwa sababu ya hulka yake na ujuzi wake, "pathos", pale hisia za msikilizaji zinapoamshwa, na "logos", pale hoja yenyewe inapofanya kazi. Ukiisoma aya yoyote ya makala, jiulize ni ipi kati ya hizo tatu inayobeba uzito, ndipo ushuke kwenye mbinu. Nyingi ya mbinu hizo unazifahamu kutoka katika fasihi ya Kiswahili: swali la balagha ni "rhetorical question", takriri ni "repetition", chuku ni "exaggeration" na kwa jina la kitaalamu "hyperbole", tasfida ni "euphemism". Kisa kifupi cha mtu mmoja kinachowekwa mwanzoni mwa makala ili kumgusa msomaji ni "anecdote". Neno lililopakiwa hisia mpaka likamhukumia msomaji kabla hajafikiri huitwa "loaded", kama mtu anapoandika kwamba kundi la watu "limefurika" mahali wakati angeweza kuandika kwamba limefika.

Katika matangazo ya biashara utakutana pia na "weasel words", maneno ya kicheche, usemi ambao Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliutumia hadharani mwaka 1916. Sababu ya jina hilo ni imani kwamba mnyama huyo hufyonza yai na kuliacha ganda likiwa linaonekana zima. Sabuni ambayo "helps remove up to 99%" ya madoa haijaahidi kuondoa hata doa moja: "helps" imefyonza ahadi, na "up to" imefyonza kilichobaki. Ukiweza kuonyesha neno lililofyonza maana katika sentensi ya tangazo, umefanya uchambuzi wa kweli, hata kama umeandika mistari mitatu tu.

Zingatia pia vitenzi unavyotumia kueleza maneno ya mwandishi, kwa sababu na wewe unamshawishi msomaji wako kupitia vitenzi hivyo. Ukiandika "the author points out", umekubali kwamba alichosema ni kweli. Ukiandika "the author claims", umejitenga naye kidogo na kuashiria kwamba bado hajathibitisha. "Argues" imesimama katikati, na ndiyo ninayokushauri uitumie unapokuwa hujaamua. "Concedes" husema kwamba amekubali jambo linaloudhoofisha upande wake, na mwandishi anayefanya hivyo kwa uaminifu mara nyingi huaminiwa zaidi. Unapotoa hukumu yako ya mwisho, usiishie kwenye "persuasive". Hoja inayomshika msomaji asiweze kuiacha ni "compelling". Iliyopangwa vizuri kimantiki ni "cogent". Inayoelekea kuwa kweli ila haijathibitishwa ni "plausible", neno ambalo likisemwa kwa mtu badala ya hoja huweza kumaanisha kwamba anaonekana mkweli kuliko alivyo. Na kwa kuwa utalihitaji mara nyingi, kumbuka kwamba "evidence" haina wingi katika Kiingereza cha kawaida, na vivyo hivyo "advice".

Tuseme umepewa makala inayowataka wazazi wazime simu za watoto usiku. Badala ya kuandika mara nne kwamba mwandishi anashawishi, ungeweza kuandika hivi: "The writer opens with an anecdote about a tired child, appeals to parents' fears, concedes that phones can help with homework, and ends by urging families to switch them off at night." Umetaja kisa alichoanza nacho, hisia aliyoigusa, jambo alilolikubali dhidi yake mwenyewe, na tendo analolihimiza. Kila kitenzi kimefanya kazi ambayo kingine kisingeweza kuifanya, na neno "persuade" halikuhitajika hata mara moja. Fanya zoezi la namna hii kwa makala moja kila juma, ukitumia vitenzi vitano au sita tu unavyovifahamu kwa hakika, na uongeze kipya pale tu utakapokutana nacho katika sentensi ya mwandishi mzuri, ukaona kimeketi vipi.

Umebaki wajibu wako kwa mwenzako. Umemwomba radhi kwa mdomo, lakini maneno yaliyomuumiza yalikuwa ya maandishi, na nadhani anastahili maandishi mengine. Usiieleze historia ya neno "manipulate", wala usiilaumu orodha. Mwandikie: "I chose the wrong words, and I am sorry. What I meant is that you won both sides over by listening to them and telling them the truth." "Win over" ni kuuvuta moyo wa mtu mpaka akawa upande wako kwa hiari yake, na kwa jinsi ulivyomweleza mwenzako katika barua yako, hilo ndilo alilolifanya.

Wako,
Mshauri wa Lugha